Sukari Katikati ya Mizani

Ndugu yangu Muhsin Mhina ni mjinga. Nasema hivyo nikiwa dada yake wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, kwa hiyo asitokee mtu kuniambia simjui. Wajinga wengine wana haya, hukaa pembeni wakanyamaza. Huyu wangu ana bango. Liko Manundu, hapa Korogwe, juu ya mlango wa chumba chake cha kazi, na limeandikwa kwa rangi nyekundu: INJINIA M. MHINA, VIPIMO NA ELEKTRONIKI. Ukimwita fundi, hageuki. Utasimama mlangoni na redio yako kwapani mpaka miguu ife ganzi, naye anapuliza vumbi kwenye nyaya kana kwamba hujafika. Ukisema injinia, anageuka upesi kama mbuzi aliyesikia pumba zikimwagwa.

Alisoma, sikatai. Alikaa chuo cha ufundi Dar es Salaam akarudi na cheti, na kichwani akarudi na kitu kimoja ambacho hakijapata mwenzake mpaka leo. Mradi wake wa kumalizia chuo ulihusu kigeuzi cha sigma-delta. Usiogope jina. Nimelisikia mara nyingi kuliko jina la marehemu mume wangu, kwa hiyo naweza kukueleza.

Mizani ya betri ukiiwekea mzigo, uzito ule huwa umeme kidogo sana, na umeme huo lazima ugeuzwe uwe namba ya kusomeka. Kazi hiyo hufanywa na kichipu kidogo kuliko ukucha. Kinakisia, kinaona kimezidisha, kinapunguza, kinaona kimepunguza mno, kinaongeza, mara nyingi sana kabla hujapepesa jicho, halafu kinachukua wastani. Sasa ndani yake mnaweza kuwa na vipande vinavyotakiwa kulingana, na havilingani, kwa sababu hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza vitu viwili vikawa sawa kabisa. Ukitumia kilekile kwa kazi ileile kila mara, kosa lake linajirundika mahali pamoja na namba inakuwa ya uongo. Muhsin alisema dawa si kutafuta vipande vinavyolingana, maana hutavipata. Dawa ni kuvizungusha. Kila kimoja kishike zamu ya mwenzake, makosa yamalizane yenyewe.

Hilo ndilo alilolileta kutoka Dar es Salaam, na akalihubiri kwenye kila shughuli. Kwenye harusi akiona akina mama wanateka maji, anasimama na kanzu yake. "Mna ndoo nane," anasema, "na kila moja mnaiita ya lita ishirini. Uongo! Moja imebonyea, nyingine imevuja, nyingine imetanuka kwa jua. Fulani akipewa iliyobonyea kila siku, kila siku atapunjika. Zungusheni ndoo!" Akina mama wanacheka, wanaendelea na maji yao, na yeye anarudi kwenye pilau ameridhika. Mwanawe Mwanaisha, akiwa hajaanza hata shule, alikuwa akipita uani anaimba, "Zungusha ndoo, zungusha ndoo," na baba yake anamwonyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

Huo ndio upendo wote niliouona ukitoka kwa Muhsin kwenda kwa mtoto yule. Mama yake alipofariki, Mwanaisha akiwa darasa la tatu, Muhsin alimleta kwangu Kilole na begi moja. Alisema ana kazi nyingi za kitaalamu. Kazi zenyewe zilikuwa vipaza sauti vya msikiti na pasi zilizoungua. Nikamlea mimi kwa cherehani yangu, nikamfunda mimi, na alipochumbiwa na kijana mkulima wa upande wa Handeni, Sharifu, ni mimi niliyekaa na wakwe nikasema huyu binti ni mkamilifu. Muhsin alikuja siku ya ndoa, akatengeneza spika iliyokuwa ikikoroma, akapigiwa makofi. Alifurahi kuliko bwana harusi.

Mwanaisha akajifungua binti, wakamwita Hafsa. Mtoto alikuwa na mashavu mpaka macho yanazama. Kila mwezi alipelekwa kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi kule kijijini, akapimwa, mama akarudi nyumbani anacheka. Hakuna aliyekuwa na neno mpaka mizani ya zahanati ilipoanguka mezani.

Ikaletwa kwa Muhsin. Angeletewa nani mwingine mizani, na bango lile lipo? Mizani ya watoto ni sahani ndefu, na chini yake kuna vyuma vinne vya kuhisi uzito, kimoja kila kona. Kimoja kilikuwa kimevunjika. Mtu mwenye akili angeagiza chuma kama kile, au angebadilisha vyote vinne. Muhsin akafungua mizani mbovu ya watu wazima iliyotoka kwenye nyumba ya wageni, akang'oa chuma humo, akakifunga. Hakikuwa ndugu wa vile vitatu. Nguvu yake ilikuwa kama nusu ya nguvu yao. Mtu aliyekuwa akihubiri habari ya vipande visivyolingana mpaka kwenye matanga, kwa mkono wake mwenyewe akaweka kipande kisicholingana.

Kisha akapima kazi yake. Alichukua pakiti ya sukari ya kilo moja akaiweka katikati ya sahani, katikati kabisa, kwa uangalifu wote. Katikati vyuma vyote vinne hubeba sawa. Akairekebisha mpaka ikasoma kilo moja. Hakusogeza ile pakiti hata kidogo kwenda pembeni. Akabandika karatasi ya jina lake: IMEHAKIKIWA. Nilikuwapo siku hiyo, nimempelekea mihogo. Aliniambia, "Dada, hii sasa ni bora kuliko ilivyotoka kiwandani." Mimi nikala muhogo wangu.

Mara ya kwanza baada ya matengenezo, Mwanaisha alimlaza Hafsa kichwa upande wa mlango, kwa kuwa alikuwa amesimama hapo. Mizani ikasema mtoto amenenepa sana. Kaleb, muuguzi wa zahanati, akaandika kwenye kadi. Kaleb husoma namba kama mtu anayesoma matokeo ya mpira wa timu asizozijua. Mizani ingesema gramu mia au kilo mia, angeandika.

Mwezi uliofuata, mama mkwe akaamua kufuatana nao. Bi Amne, mama yake Sharifu, ni mcha Mungu wa kuonekana kwa mbali. Aliingia pale zahanati, akaangalia sahani, akapiga kelele kwamba mjukuu wake hawezi kulazwa miguu ikielekea kibla. Akamgeuza kwa mkono wake mwenyewe, kichwa kibla, miguu mlangoni. Akawasomesha na akina mama wengine waliokuwa kwenye benchi, na wote wakatii, maana nani anataka kubishana na Bi Amne? Kichwa cha mtoto mchanga ndicho kizito. Na kona ya kibla, kwa bahati iliyopangwa na ndugu yangu, ndiyo iliyokuwa na chuma cha nyumba ya wageni.

Jumatano hiyo watoto wa Waislamu wote walipungua. Watoto wa Wamasai waliotoka malishoni, ambao mama zao waliwalaza vyovyote walivyoona, wengi waliongezeka. Naitoi, mmoja wa mama hao, alimpakata Hafsa kidogo wakati Mwanaisha akifunga kanga, akasema, "Huyu mzito, mama. Mkono wangu umechoka." Hakuna aliyemsikiliza. Kaleb alikuwa ameshasoma namba, na namba ya Hafsa ilikuwa imeshuka kuliko ya mtoto mwingine yeyote.

Bi Amne hakuhitaji kusubiri wafike nyumbani. Alilisema palepale kwenye benchi, mbele ya watu. "Mjukuu wangu amebemendwa."

Kama kuna asiyejua neno hilo, ana bahati. Maana yake mama anayenyonyesha ametoka nje ya ndoa, akarudi na mwili huo akamshika mtoto, na mtoto anaanza kunyauka. Hapahitajiki shahidi wala jina la mwanamume. Anahitajika mtoto aliyepungua na mwanamke wa kunyooshewa kidole. Na dawa yake ni mtoto kuachishwa ziwa, kwa kuwa maziwa ya mama yameshaharibika, akaogeshwe mizizi na bibi yake. Hafsa alikuwa na miezi mitano. Macho wanayo, wanayaona mashavu ya yule mtoto, wanaziona pingili za mikono yake kama maandazi, lakini mashine imesema, na Bi Amne amesema, basi macho yakae kimya.

Sharifu naye, mume, alisemaje? Hakusema. Ni kijana mwenye misuli ya kuinua gunia peke yake na ulimi wa kushindwa kuinua neno moja. Alimleta mkewe Korogwe kwa pikipiki kesho yake, akamshusha mlangoni kwangu, akasema, "Shikamoo shangazi," akaangalia tairi. "Mama amesema Jumapili tutakuja kukaa kikao. Kama ni kweli, nimpe talaka yake."

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Mama amesema Jumapili," akajibu, akapiga kiki akaondoka.

Mwanaisha hakulia. Alinipa mtoto nimshike wakati anavua viatu, na mkono wangu ukashuka kwa uzito. Akaniambia yote. Akaniambia, "Shangazi, wallahi sijamjua mwanamume mwingine. Nimeapa mpaka nimechoka. Watamchukua Hafsa wakamnyweshe uji na mizizi, na mimi nitabaki na jina hilo mpaka kufa." Nikamwambia twende kwa baba yako, yeye ndiye mkubwa wa kusema mbele ya wakwe.

Ningejua nisingempeleka.

Muhsin alikuwa kwenye meza yake na miwani puani. Mwanaisha akapiga magoti, akamwamkia, akaeleza. Baba yake akasikiliza mpaka aliposikia habari ya mizani. Hapo akainua kichwa.

"Mizani gani?"

"Ya zahanati, baba."

"Ile ndogo, ya sahani ndefu? Niliyoitengeneza mimi?"

"Ndiyo, baba."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Basi namba hiyo ni ya kweli," akasema. "Ile mizani nimeihakiki mimi mwenyewe. Haiwezi kudanganya." Akamwangalia binti yake pale chini. "Sema ukweli, mwanangu. Ni nani?"

Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume wa kila aina, walevi, wapigaji, waliotoroka na akiba ya kikundi. Sijaona wa kudharauliwa kama huyo niliyemwona pale. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, ama karatasi yake aliyobandika ina kosa, ama mwanawe ni malaya, na hakufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akanijibu kwa utulivu, "Dada, haya ni mambo ya vipimo, usiingize hasira." Mwanaisha aliinuka pale sakafuni akatoka nje. Kuanzia siku hiyo hadi Jumapili alilala kwangu, akanyonyesha, akakunja nguo zangu nilizoshona, na hakulitaja jina la baba yake.

Muhsin hakukaa bure. Alimpigia Kaleb simu akaomba wakwe waje na mizani, kwa kuwa Jumapili hakuna kliniki. Alisema anataka uhakiki mbele ya pande zote mbili. Usidhani alitaka kumsafisha binti. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu kijijini wanaisema mizani, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Jumapili wakafika. Mzee Jabiri, baba yake Sharifu, alitangulia, mzee wa shamba mwenye maneno machache. Nyuma yake Bi Amne akinukia udi, na mwisho kabisa Sharifu amebeba mizani iliyoviringishwa kwenye kanga. Tukakaa sebuleni kwa Muhsin. Mwanaisha alikaa chini mkekani kando yangu, mtoto kifuani. Muhsin alikuwa amevaa koti. Kwa kikao cha talaka ya mwanawe, alivaa koti na akachomeka kalamu mfukoni.

Aliiweka mizani kwenye meza ndogo, akakaa nyuma yake na kuigeuza namba zimtazame yeye, ili atusomee. Akatoa pakiti ya sukari, ya aina ileile, akaiweka katikati.

"Moja kamili," akasema. Akaongeza ya pili juu yake. "Mbili kamili. Wazee wangu, mmeona?"

"Tumeona, baba," Bi Amne akasema. "Mizani haina neno. Mwenye neno anajulikana."

"Kazi yangu," Muhsin akasema, "huwa siipeleki kwa watu ikiwa na kasoro." Na akatabasamu. Mwanawe yuko chini, miguuni pa watu waliokuja kumvua jina lake, na yeye anatabasamu.

"Sasa mtoto," akasema.

Bi Amne akamtoa Hafsa mikononi mwa mama yake kama mtu anayechukua sufuria yake aliyoiazimisha. Akauliza kibla ni wapi katika nyumba hiyo, akaonyeshwa, akamlaza mtoto kichwa huko. Lakini kule zahanati namba zilimtazama Kaleb aliyekaa upande mmoja, na hapa zilimtazama Muhsin aliyekaa upande wa pili. Mizani ilikuwa imegeuka kinyumenyume. Kibla ilikuwa palepale, ila kona mbovu sasa ilikuwa miguuni.

Muhsin akasoma. Akagonga kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Ameongezeka," akasema. "Karibu nusu kilo tangu Jumatano."

Nilidhani sasa watazinduka. Mtoto gani anaongezeka nusu kilo toka Jumatano hadi Jumapili? Lakini nilikuwa nimesahau nimekaa na nani. Bi Amne aliruka karibu na dari.

"Mwe! Mnaona wenyewe? Siku chache tu mama yake ametengwa na huyo hawara wake, mtoto kashaanza kupona! Kuna ushahidi gani tena?"

Na Muhsin, injinia, mwenye vipimo na elektroniki, akaitikia kwa kichwa polepole akasema, "Inawezekana."

Sharifu aliangalia zulia. Mzee Jabiri akashusha pumzi na kushika fimbo yake, tayari kwa neno alilokuja kulisema. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kurusha.

Mwanaisha akasimama. Hakuwa amesema chochote tangu wageni waingie, zaidi ya kuwaamkia.

"Baba," akasema, "zungusha ndoo."

"Nini?"

"Zungusha ndoo, baba. Umenifundisha kabla sijajua kusoma."

Hakungoja. Alimwinua Hafsa, akamgeuza, akamlaza tena miguu ikielekea kibla. Bi Amne akaleta istighfari kwa sauti ya kusikika hadi stendi. Mwanaisha akasema, "Soma, baba."

Muhsin akasoma. Namba ilikuwa imeanguka, ileile ya Jumatano ukiacha gramu chache. Mwanaisha akamgeuza mtoto tena, na namba ikapanda. Akamgeuza, ikashuka. Hafsa alidhani ni mchezo, akawa anacheka kila anapoinuliwa. Kisha Mwanaisha akamkabidhi kwangu, akachukua pakiti moja ya sukari. Safari hii hakuiweka katikati. Aliiweka kwenye kona ya kwanza, ikasoma kilo na ushee. Kona ya pili, kilo na ushee. Ya tatu vilevile. Akaiweka kona ya nne, na Muhsin hakutaka kusoma, kwa hiyo Mzee Jabiri akainuka kitini, akazunguka meza, akainama akasoma mwenyewe kwa sauti.

"Nusu kilo na kidogo."

Pakiti ilikuwa bado imefungwa. Kila mtu mle ndani alijua ina uzito gani.

Muhsin aliipindua mizani juu chini. Pale konani palikuwa na chuma chake cha nyumba ya wageni, na risasi yake ya kuunganishia, na chini kidogo karatasi yake ya IMEHAKIKIWA. Aliangalia kwa muda. Nikaona uso wake unabadilika, na kwa kweli moyo wangu ulitaka kumwonea huruma, nikafikiri sasa atapiga magoti, sasa atamtafuta mwanawe kwa macho.

Akatabasamu.

"Wazee wangu," akasema, na sauti ilikuwa ya harusini, "mnaona? Ndiyo yaleyale niliyoandika chuoni! Vipande havilingani. Nilisema miaka yote hamkunisikia. Huhitaji hata kubadilisha chuma. Unampima mtoto, unamgeuza, unampima tena, unachukua wastani, kosa linajifuta lenyewe!" Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kiganjani mwake, akajumlisha, akagawanya. "Huu hapa uzito wake wa kweli. Ameongezeka vizuri kila mwezi, kama inavyotakiwa. Mwezi ule mlioona amenenepa sana haukuwa kweli, na mwezi huu mlioona amepungua haukuwa kweli. Ni uzuri ulioje!"

Alisema hivyo hasa. Uzuri ulioje.

"Mkwe," Mzee Jabiri akasema, "kwa hiyo mtoto hajapungua?"

"Hajapungua hata kidogo, mzee wangu."

"Na mizani ndiyo mbovu."

"Mbovu siyo neno la kitaalamu," Muhsin akasema. "Kigeuzi chenyewe hakina tatizo. Kuna kutolingana kidogo kwa..."

Mzee Jabiri akamwinulia mkono anyamaze, kama unavyomnyamazisha mtoto anayelilia kitu mbele ya wageni. Akamgeukia Mwanaisha. Mzee yule, wa umri wa baba yangu, akaivua kofia yake. "Mwanangu," akasema, "tumekukosea. Mimi nimekukosea zaidi, kwa kuwa nilikuona ukisingiziwa nikanyamaza. Nakuomba radhi mbele ya shangazi yako."

Bi Amne alisema Mungu ndiye mjuzi wa yote, akauliza kama chai yetu ina tangawizi. Sharifu alifungua mdomo mara mbili. Mara ya tatu likatoka, "Mwanaisha, turudi nyumbani," na nadhani lilimchosha kuliko kulima ekari.

Mwanaisha alimwambia Mzee Jabiri, si Sharifu, kwamba atarudi. Alisema atarudi kwa kuwa ameombwa radhi na mtu mmoja mwenye akili. Akaenda chumbani kufunga begi tulilokuja nalo kutoka kwangu. Nilimfuata nikamwuliza kama ana hakika. Akasema, "Shangazi, jina langu limesafishwa kwa wakwe. Kule sina deni la aibu tena." Alisema "kule," na nikaelewa hakumaliza.

Aliporudi sebuleni, Muhsin hakuwa kwenye kikao tena. Alikuwa amehamia pembeni na mizani yake, ametugeuzia mgongo, miwani puani, anafungua skrubu na kupuliza vumbi kwenye nyaya. Alikuwa anaongea peke yake habari ya wastani. Wageni wamesimama wanaaga, na yeye hana habari.

Mwanaisha aliniaga, akanibusu mkono, nami nikambusu Hafsa shavuni. Kisha akasimama nyuma ya baba yake, mtoto mgongoni, begi mkononi. Nilijua anasubiri. Alikuwa anampa nafasi ya mwisho, ageuke tu, aseme hata neno moja, hata kama ni la kijinga. Muhsin akaendelea kupuliza.

"Kwa heri, fundi," Mwanaisha akasema, akatoka na watu wake.

Mimi ndiye niliyebaki sebuleni, kwa hiyo niliona. Kwa mara ya kwanza tangu aweke lile bango, aliitwa fundi, akageuka.